Sketi ya dansi yenye kiuno cha ncha: kuipima, kuikata na kuishona

Mchezaji akizunguka, upindo hupaa na watu hutazama miguu. Akisimama, macho hurudi kiunoni. Mkanda ulionyooka wa sketi ya kawaida hukata mwili vipande viwili. Kiuno chenye umbo hulala juu ya nyonga kama kimemwagwa pale, kisha hushuka mbele kwa ncha, na kila mtikisiko wa nyonga huonekana hata na aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi.

Sketi ya namna hii huharibika mahali pamoja kuliko pote. Ncha imeshonwa vizuri, mshono umenyooka, lakini ukimvalisha mchezaji unakuta upindo umening'inia mbele na kupanda ubavuni. Fundi alishusha kiuno akasahau kwamba sketi inayoanzia chini zaidi lazima iwe fupi zaidi kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya yote: ukingo wa nje wa sketi ubaki mviringo kamili, na umbo lote liishi kwenye tundu la ndani. Hesabu zote zinazofuata zinalinda hilo.

Sketi tunayoshona ina sehemu mbili. Juu ni yoki, kile kipande kinachobana kiuno na nyonga. Yoki yetu ina kina cha sentimita 8 ubavuni na nyuma, na mbele inashuka hadi sentimita 14. Chini ya yoki kuna duara kamili, lililokatwa kama nusu mbili. Zipu iko ubavu wa kushoto.

Kitambaa na vifaa

Kwa duara, tafuta kitambaa chepesi kinachoanguka: krepu, viskosi, satini laini. Kishike kwa kona moja ukiache kining'inie. Kikishuka kwa mikunjo laini iliyokaribiana, kinafaa. Kikisimama mbali na mkono wako, kitasimama mbali na miguu ya mchezaji pia, na sketi itageuka mwavuli.

Yoki huweza kutoka kwenye kitambaa hicho hicho, lakini ipe nguvu: bitana ya pamba ndani, na kitambaa cha kugandisha kwa pasi nyuma ya ule upande wa nje. Usiiache yoki laini peke yake. Duara lina uzito, na likizunguka uzito huo huvuta kila upande.

Kwa sketi ya sentimita 65 kutoka kiunoni hadi upindoni na kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita 2 zinatosha, yoki ikiwemo. Ikiwa ni mahameli, au kina maua yanayotazama upande mmoja, nunua mita 3, kwa kuwa nusu mbili za duara haziwezi kutazamana wakati wa kukata. Kifue na kukipiga pasi kwanza. Kitambaa kinachorudi baada ya sketi kushonwa kitaivuta ncha ikae kando, na hapo hakuna dawa.

Andaa pia zipu ya kujificha ya sentimita 20 au 22, utepe mwembamba usiovutika wa kutosha kuzunguka kiuno, kikulabu kimoja, chaki, pini nyembamba, karatasi kubwa, na sindano mpya ya cherehani, namba 70 au 80. Sindano iliyotumika huacha nyuzi zilizovutwa kwenye satini, na alama hizo hazitoki kwa pasi.

Vipimo vinne, si kimoja

Mwambie mchezaji avae nguo ya ndani atakayovaa jukwaani na asimame kwa miguu yote miwili. Mfunge kamba nyembamba kiunoni, kisha umwombe ajipinde kushoto na kulia. Kamba itajitafutia mahali pake, na hapo ndipo kiuno chake kilipo. Ukichagua mahali kwa macho utakosea mara nyingi, hasa kwa mtu ambaye kiuno chake kimeinama kidogo mbele.

Kutoka kwenye kamba, pima mzunguko wa mwili mara nne: kwenye kamba yenyewe, sentimita 8 chini yake, sentimita 11 chini, na sentimita 14 chini. Kile cha 11 ndicho wengi hukiacha, nacho ndicho kitakachofanya mshono wa ncha ukutane bila kuvutana. Ongeza nafasi ya kupumua: sentimita 2 kiunoni, 2 kwenye 8, na 3 kwenye vipimo vya chini. Kwenye mfano wetu, baada ya nyongeza, tumepata 72, 88, 94 na 100.

Mpime tena kiuno akiwa ameketi. Kikizidi kile cha kusimama kwa zaidi ya sentimita 3, mwongezee sentimita moja. Mchezaji anayebanwa hapumui hadi chini, na asiyepumua hadi chini huchoka kabla ya wimbo kwisha.

Kuchora yoki

Gawanya vipimo kwa 4, kwa sababu tunachora robo moja ya mwili. Kiuno kinakuwa 18, kwenye 8 ni 22, kwenye 11 ni 23.5, na kwenye 14 ni 25.

Chora mstatili wenye upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 14. Wima wa kushoto uite katikati ya mbele, wa kulia uuite ubavu. Pasua karatasi kutoka juu kwenda chini mara nne, ukiacha milimita 2 tu ambazo hazijakatika. Juu tunahitaji 18 na tuna 25, kwa hiyo kuna sentimita 7 za kuondoa. Pandisha karatasi juu ya karatasi kwenye kila mpasuo: sentimita 1 kwenye ule ulio karibu na katikati ya mbele, na sentimita 2 kwenye kila mmoja wa mitatu inayofuata. Mwili hukunja zaidi ubavuni kuliko tumboni, ndiyo maana hatuzigawi sawasawa. Bandika kwa gundi.

Mstatili umekuwa upinde. Laini pembe ndogo zilizojitokeza juu na chini kwa mstari mmoja wa mviringo, kisha pima katikati ya upinde kama umepata 22 kwenye kina cha 8 na 23.5 kwenye kina cha 11. Ukikosa kwa nusu sentimita, ongeza au punguza kwenye mstari wa ubavu.

Sasa ncha. Kwenye mstari wa ubavu weka alama sentimita 8 kutoka juu. Kwenye katikati ya mbele alama iko chini kabisa, sentimita 14. Ziunganishe kwa rula. Ukitaka ncha yenye mbonyeo, subiri sketi ya pili. Mstari ulionyooka husameheka wakati wa kushona, na mwilini, kwa sababu nyonga ni mviringo, hautaonekana umenyooka hata hivyo.

Pima mstari huo: kwetu ni takriban sentimita 24. Uandike pembeni ya karatasi.

Yoki ya nyuma ni nakala ya upinde ule ule, umekatwa wote kwenye kina cha 8. Ongeza nafasi ya mshono, sentimita 1.5 chini na ubavuni, sentimita 1 juu. Katikati ya mbele na katikati ya nyuma zinalala kwenye kitambaa kilichokunjwa, kwa hiyo hazihitaji nyongeza. Mkunjo ufuate mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na kingo za kitambaa.

Duara na tundu lake

Nusu ya nyuma ni rahisi. Chukua kipimo cha kina cha 8, gawanya kwa 6.28: 88 kwa 6.28 ni 14. Hiyo ndiyo nusu ya kipenyo cha tundu. Urefu wa sketi ni 65, yoki imekula 8, zimebaki 57. Ukingo wa nje upo sentimita 14 jumlisha 57, yaani 71 kutoka kwenye kitovu.

Nusu ya mbele ndiyo yenye siri. Tunachukua kipimo cha kina cha 11 kwa sababu kiko katikati ya 8 na 14: 94 kwa 6.28 ni 15. Ncha inashuka sentimita 6 kuliko ubavu. Gawanya 6 kwa 2, upate 3. Ubavuni punguza 3 kwenye 15, upate 12. Katikati ongeza 3, upate 18. Nusu ya tofauti inapanda ubavuni, nusu inashuka katikati, na urefu wa mstari unabaki ule ule wa yoki. Fundi anayekata tundu la 14 kisha kuchimba ncha ya sentimita 6 kutoka hapo hupata ukingo mrefu kuliko yoki, akalazimika kuukunja marinda mahali pasipotakiwa marinda.

Sasa jaribu ukingo wa nje. Ubavuni sketi inahitaji urefu wa 57: 12 na 57 ni 69. Katikati ya mbele yoki imekula 14, inahitaji 51: 18 na 51 ni 69. Ni namba moja! Ukingo wa nje ni mviringo kamili wa 69, bila kupinda popote. Ukijaribu kwa vipimo vyako ukapata namba mbili tofauti, rudia hesabu kabla ya kugusa mkasi.

Kuchora: piga mstari mrefu ulionyooka, huo ni ubavu kwa ubavu. Katikati yake weka nukta, hicho ni kitovu. Kutoka kitovuni piga mstari mwingine wa pembe mraba, huo ni katikati ya mbele. Weka alama 12 kwenye mistari ya ubavu na 18 kwenye mstari wa katikati. Kati ya ubavu na katikati kunja karatasi upate mstari wa nusu njia na uweke alama 15. Kunja tena, uweke 13.5 upande wa ubavu na 16.5 upande wa katikati. Unganisha alama kwa mkono mtulivu. Simamisha futi ya kamba kwa ubavu wake juu ya mstari na upime: utoke karibu na 24 uliyoandika. Tofauti ya milimita 3 si kitu. Ikizidi hapo, sogeza alama zote ndani au nje kwa pamoja, na ukingo wa nje usogee nazo.

Nyongeza za mshono: ndani sentimita 1.5 kuelekea kitovuni, ubavuni 1.5, chini sentimita 1.

Kukata

Tandaza kitambaa kikiwa wazi, upande mmoja tu. Mstari wa ubavu wa nusu ya mbele uweke kwenye ukingo mmoja wa kitambaa, wa nyuma kwenye ukingo wa pili, migongo yao ikitazamana katikati. Pamoja na nyongeza zinachukua sentimita 145 za upana na takriban 144 za urefu. Yoki inatoka kwenye kitambaa kilichosalia mwishoni. Usining'inize kitambaa nje ya meza, kwani uzito wake huvuta mshazari na duara lako litakuwa yai.

Ukishakata tu, kabla ya kufanya lolote lingine, pitisha mshono wa kuzuia kwenye ukingo wa tundu, milimita 2 ndani ya nyongeza. Anzia ubavuni kwenda katikati, kata uzi, kisha anza tena ubavu wa pili. Ukingo huu una sehemu zilizokatwa mshazari na huongezeka urefu kwa kushikwashikwa tu. Nimewahi kuacha kazi usiku bila mshono huo, asubuhi nikakuta tundu limezidi yoki kwa karibu sentimita 3.

Mshono wa ncha

Usiunge bavu kwanza. Shona yoki ya mbele kwenye nusu ya mbele ikiwa imelala bapa, nyuma vivyo hivyo, kisha ndipo bavu zishonwe. Ncha inayoshonwa kwenye sketi iliyokwisha fungwa ni mateso.

Kwenye yoki, ncha inatokeza. Kwenye sketi, ncha ni pembe iliyoingia ndani, na pembe hiyo lazima ipasuliwe ili ifunguke. Kata kipande kidogo cha bitana nyembamba, sentimita 4 kwa 4, ukiweke juu ya uso wa sketi palipo na pembe. Punguza urefu wa mshono hadi milimita 1.5, ushone juu ya mstari wenyewe wa mshono, sentimita 2 kabla ya pembe, ugeuke, sentimita 2 baada yake. Kisha pasua nyongeza, pamoja na kile kipande, moja kwa moja kuelekea kwenye ile pembe, uache uzi mmoja au miwili tu kabla ya mshono. Ukiacha zaidi, ncha itakunjamana. Woga wa mkasi ndio unaoharibu ncha nyingi kuliko mkasi wenyewe.

Geuza kile kipande kiingie upande wa ndani. Panga yoki na sketi uso kwa uso, ncha ya yoki ikutane na pembe ya sketi, uchome pini moja hapo ikiwa wima. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa hatua ndefu, kwa mkono kutoka nchani kwenda ubavuni, pande zote mbili. Weka sketi juu, yoki chini, ili uione pembe iliyopasuliwa. Shona kutoka ubavuni hadi nchani, uache sindano imezama kitambaani, inua mguu wa cherehani, zungusha kazi huku nyongeza ya sketi ikifunguka, shusha mguu, endelea hadi ubavu wa pili. Hapo nchani zungusha gurudumu kwa mkono. Mshono mmoja ukizidi, ncha inakuwa butu na inaonekana kutoka mbali.

Piga pasi nyongeza zielekee juu, kwenye yoki. Tazama kwa uso: kama kuna mkunjo mdogo kando ya ncha, mpasuko wako haujafika. Fumua sentimita 2, pasua kidogo zaidi, shona tena.

Kumvalisha na kumchezesha

Piga bandi bavu zote mbili, ukiacha nafasi ya zipu, na mvalishe. Usimwambie asimame wima kama sanamu. Ainue mikono juu, achuchumae, apige hatua ndefu, azunguke mara tatu, atikise nyonga kama atakavyotikisa siku yenyewe. Kisha tazama.

Yoki ikipanda juu na kukaa hapo, nyonga zimebanwa: achia ubavuni kuanzia chini ya kiuno hadi kina cha 8 na kuendelea chini, usiguse kiuno. Mikunjo ya kulala ikitokea chini ya mkanda nyuma, yoki ya nyuma ni ndefu kwake, ipunguze juu kwa nusu sentimita katikati. Ncha ikihamia upande mmoja baada ya kuzunguka, kiuno ni kipana, au bavu mbili hazikushonwa sawa. Alama zote ziwekwe kwa chaki akiwa bado ameivaa.

Zipu, bitana na mkanda wa juu

Shona ubavu wa kulia. Wa kushoto, gandisha kipande chembamba cha kitambaa cha pasi kila upande, kisha weka zipu ianzie juu ya yoki na ipite mshono wa yoki hadi chini ya sehemu pana ya nyonga. Hakikisha mishono ya yoki ya mbele na ya nyuma imekutana kwenye zipu. Ikipishana hata milimita 2, jicho hukimbilia hapo. Funga sehemu ya chini ya ubavu.

Bitana ya yoki ishonwe bavuni kulia tu, kisha iungwe na yoki ukingo wa juu, ukishika pamoja ule utepe usiovutika uliokatwa kwa urefu kamili wa kiuno, 72 kwetu. Utepe huu ndio unaobeba sketi. Punguza nyongeza, uzipasue kidogo kidogo ili mviringo ugeuke, kisha pitisha mshono kwenye bitana, karibu kabisa na ukingo, ili isichungulie nje. Chini, kunja bitana na kuishonea kwa mkono juu ya mshono wa yoki. Kikulabu kikae juu ya zipu.

Upindo

Itundike sketi usiku na mchana mmoja kamili kabla ya kugusa upindo. Sehemu nne zilizo nusu njia kati ya katikati na bavu zitashuka, maana hapo kitambaa kimelala mshazari. Mvalishe tena, na viatu vya kuchezea, upime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, uweke alama kila sentimita 10 kuzunguka. Kata zilizozidi.

Upindo una urefu wa karibu mita 4.4, kwa hiyo usiukunje mpana, hautalala. Kunja milimita 5, shona, punguza nyuzi zilizobaki, kunja tena milimita 5 na ushone juu ya mshono wa kwanza. Ukitaka upindo wenye mawimbi yanayosimama, fungia ndani yake uzi wa kuvulia samaki kwa mshono wa zigizaga mwembamba, ukivuta kitambaa kidogo unapokwenda. Kwenye shifoni hupendeza sana. Kwenye satini nzito siupendi, unaifanya ionekane ya karatasi.

Mapambo ya shanga au vimetameta yawe ya mwisho, na yafuate mstari wa yoki hadi nchani. Yashonee kwenye yoki, juu ya mshono, si kwenye duara, yasije yakauzuia mwendo. Acha milimita 5 tupu kila upande wa zipu. Mwisho kabisa, mshonee mchezaji bukta ya rangi ile ile, kwa sababu sketi hii ikizunguka vizuri itapanda hadi usawa wa nyonga.